Chupa Juu ya Kabati

Sperancia alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa. Tangu kansa imlaze mumewe, Rwezaura, hapo nyumbani kwao Kimuli, yeye ndiye wa kumgeuza, wa kumfulia mashuka, wa kukaa anamsikiliza akiguna. Na dawa ya maumivu imo humo humo ndani! Chupa ya mofini, juu ya kabati, haijaguswa.

Aliyeikataza ni shemeji yake, Gaudiosus, ndugu yake Rwezaura. Rwezaura hakuwa ametaja mrithi wa kibanja, shamba lao la migomba, na kwa wazee wa ukoo neno la mtu aliyelewa dawa halihesabiki. "Ataje kwanza, shemeji, ndipo anywe." Sperancia akatii. Kila asubuhi wazee wakaja, wakakaa, wakangoja. Mgonjwa akauma meno, asitamke kitu.

Siku hiyo nesi Restuta, anayewazungukia wagonjwa majumbani, akaingia na matope hadi magotini. Pikipiki ilimshinda kilimani. Akawaamkia wazee, akaishusha chupa.

"Mama, mbona imejaa?"

Sperancia akatazama sakafu.

"Anatakiwa atoe wosia," Gaudiosus akadakia. "Hiyo itamlevya."

"Baba, kwa maumivu haya hata jina lake atalisahau. Kipimo chake ni kidogo, hakimlevyi." Hakupandisha sauti, naye alikuwa hoi. Akamgeukia Sperancia. "Wewe ndiye unayemuuguza. Nimpe?"

Tangu ugonjwa uanze hakuna aliyemuuliza Sperancia lolote.

"Mpe," akasema. "Mpe tu. Siwezi tena kumsikia hivi."

Gaudiosus akafyonya. Restuta akampa.

Wakangoja. Ndizi ziliiva jikoni, hakuna aliyezipakua. Polepole vidole vya Rwezaura vilivyong'ang'ania blanketi vikalegea. Akafumbua macho, yale macho yake ya zamani, akawatambua wote. Wazee wakasogeza viti.

"Haya kaka, sema," Gaudiosus akainama. "Kibanja unamwachia nani?"

Rwezaura akawapita wote kwa macho mpaka akamfikia mkewe pale mlangoni.

"Spera," akasema, "mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Hakuwa amekula tangu jana. Alikaa chini palepale kizingitini, akalia kwa sauti.

"Mpakulieni kwanza," Rwezaura akamwambia ndugu yake. "Kibanja mtaniuliza akishashiba."

Wazee wakatazama kofia zao. Gaudiosus akainuka, mtu mzima na ndevu zake, akaenda jikoni kutafuta sahani.