Taa ya Kabati la Maandazi

Zabron aliinyunyizia saladi yake maji mara ya tatu kabla hajamwamkia mtu. Tenga lilikuwa chini ya ukuta wa hospitali, upande wa kivuli, limefunikwa majani mabichi ya mgomba, na juu ya majani gunia lililolowa. Alikuwa ameikata kule Mlalo alfajiri, ukungu bado umelala juu ya matuta, kwa sababu saladi ukiikata jua limetoka inakufia njiani, na wanunuzi wa Lushoto hawanunui maiti. Zabron aliishia darasa la nne, lakini hilo alilijua.

Tenga angemwachia Mwanahawa, mama wa maandazi pale getini, amuuzie. Yeye mwenyewe hakuja kuuza. Alikuja na binti yake, Raheli, wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la saruji, kajifunika kanga, mkono wa kulia umelala juu ya titi la kushoto kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.

La kushoto. Hata la mama yake lilikuwa la kushoto. Marehemu Evelina walimkata kipande cha nyama, wakakipeleka mbali, na majibu yakarudi wiki tatu baada ya kuzikwa. Karatasi ile Zabron anayo mpaka leo ndani ya kitabu cha nyimbo. Haimsaidii mtu.

Kwamba Raheli ana saratani walishaambiwa tangu alipokatwa kipande cha nyama, nacho kikabaki maabara; hilo hawakufichwa. Kilichobaki ni kujua mwendo wake, inatambaa au inakimbia. Ikiwa inatambaa, atatolewa uvimbe hapo hapo Lushoto, zamu yake ikifika, na zamu ni miezi. Ikiwa inakimbia, barua inaandikwa siku ile ile, aende hospitali kubwa akaanze dripu za dawa ya saratani kabla haijaingia mapafuni. Ya mama yake ilikuwa inakimbia, na watu walikuwa wamekaa.

Latifa, binti wa maabara, alikuwa amemweleza Zabron jambo hilo pole pole, kama anamweleza baba yake mzazi. Chembe ya mwili ikijiandaa kugawanyika huwa na protini fulani ndani yake; iliyopumzika haina. Sasa wataalamu wametengeneza kingamwili ya aina moja tu, inayoitafuta protini hiyo na kuacha nyingine zote. Ikiishika, na rangi ikatiwa, ile chembe inaonekana kahawia kwenye darubini. Zisizo nayo zinabaki bluu. Unahesabu za kahawia, unajua mwendo.

Zabron alisema basi ni kama ndama. Mfungulie kwenye zizi la kijiji kizima, ataenda kwa mama yake. Latifa alicheka, akasema ndiyo, ila ndama huyu anaishi kwenye friji. Akipata joto sana anakufa, na kwa macho humjui, ni maji tu ndani ya kichupa. Ndiyo maana kila wanapopima wanaweka pembeni kipande cha mafindofindo ya mtu mwingine. Kwenye mafindofindo chembe zinazogawanyika hazikosekani. Hicho kisipotoa kahawia, ndama kafa, na majibu yote ya siku hiyo ni ya kutupa.

Kichupa kilifika hospitalini wiki tatu zilizopita. Wiki tatu kilikaa kwenye friji, hatua arobaini kutoka benchi alilokalia Raheli, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua, kwa sababu kilikuwa hakijazinduliwa. Mgeni rasmi alikuwa na ratiba. Ndiyo mambo yetu. Hata choo cha shule hakiingiwi mpaka mkubwa akate utepe, watoto wasubiri wameshika matumbo.

Leo ndiyo siku. Walikuwa wameweka turubai, viti vyenye vitambaa vyeupe, na spika mbili. Wagonjwa na ndugu zao waliambiwa wawahi kukaa, viti vya nyuma visionekane vitupu. Mbele ya viti kulikuwa na meza, na juu ya meza kabati la kioo.

Zabron alilitambua kabla hajafika karibu. Lilikuwa kabati la Mwanahawa, lile anamoweka maandazi yasipoe. Ndani yake, juu ya kitambaa, kilisimama kichupa kisichozidi kidole gumba, kimefungwa utepe wa rangi za bendera. Juu ya kichupa taa ilikuwa inawaka.

Mwanahawa alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni, anangoja kurudishiwa mali yake. Kwa hasira ya chini chini alisimulia kwamba katibu wa hospitali aliliazima jana mchana, na maabara ilipofungwa akakitoa kichupa kwenye friji, akakiweka humo. Kichupa kikiwa ndani ya friji, alisema katibu, mgeni ataona nini, na mpiga picha atapiga nini?

"Na hiyo taa imewaka tangu jana?" Zabron aliuliza.

"Tangu jana, mgosi. Nilimwambia mlinzi aizime, kasema kaagizwa kiwe kinaonekana vizuri muda wote. Mimi mwenyewe huwa naizima kila baada ya kitambo. Ukiiacha, andazi linakuwa jiwe."

Zabron aliweka kiganja kwenye kioo. Kilikuwa cha moto kama ubavu wa ng'ombe mwenye homa. Alimtazama Raheli, ambaye alikuwa anamweka sawa mtoto wa mtu kofia, anatabasamu, hajui.

Katibu alikuwa chini ya turubai anahesabu maji ya chupa ya wageni. Kijana wa suti, umri sawa na wa kifungua mimba wa Zabron, na hakumwamkia. Zabron alieleza, maneno yakigongana, kwamba taa ile inaunguza, dawa ile ni ya baridi, kwa hisani yake izimwe tu. Katibu alimsikiliza huku anaangalia simu.

"Mzee, umesomea maabara?"

"Sijasomea."

"Hii ni itifaki. Kakae. Binti yako ndiye wa kwanza kwenye orodha leo, hospitali imempa heshima hiyo. Usinifanye nilitoe hilo faili."

Zabron alikwenda kukaa. Alikuwa ameshaona mafaili yanavyopotea, na faili la hospitali halipotei peke yake, linapotea na mwenyewe.

Baadaye Latifa alitoka maabara amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Alipoliona kabati alisimama kama aliyekanyaga msumari. Alimfuata katibu, wakaongea kwa kunong'ona, katibu akainua kidole kimoja mara mbili. Mkataba wa Latifa ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na anayeupeleka kusainiwa ni huyo huyo katibu. Alirudi ameinamisha kichwa, akapita mbele ya Zabron, na shikamoo aliyoitoa haikusikika.

Kutoka kitini mpaka kwenye waya wa ile taa ilikuwa hatua kumi. Zabron alizihesabu. Ni mtu anayepanda mlima na gunia la viazi mgongoni, lakini hatua kumi zile miguu ilikataa. Jua lilipanda, kivuli cha turubai kikarudi nyuma, likaingia na lenyewe kwenye kioo. Alitazama lile jua likisogea kwenye kitambaa mpaka likakifikia kichupa. Kule ukutani saladi yake ilikuwa kivulini, chini ya gunia bichi.

Mgeni rasmi alifika saa sita na nusu. Alisema wananchi wa milimani sasa hawatapeleka tena vipimo mbali, serikali imewasogezea sayansi mlangoni. Utepe ulikatwa, kichupa kikapelekwa maabara. Watu wakapiga makofi, na Zabron akapiga. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba alipiga makofi.

Msafara uliondoka saa tisa, na daktari aliyekuja nao kusoma darubini aliondoka nao. Katibu alitaka jibu la kwanza litoke siku hiyo hiyo, lipigwe picha. Saa kumi na moja waliitwa kwenye korido ya maabara. Katibu alikuwa na karatasi, mpiga picha amejiweka tayari. Sahihi ya daktari, aliyoiacha kabla ya kuondoka, ilikuwa chini, ya wino, na juu yake nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa imejazwa kwa kalamu nyingine. Katibu alisoma: chembe zinazogawanyika, sifuri kwa mia.

Raheli alishika mdomo. Kisha alipiga goti kidogo mbele ya kijana yule, machozi yanamtoka, akanyoosha mikono miwili kupokea. Zabron aliiona furaha ile na ikamtisha kuliko kitu chochote alichokiona tangu asubuhi. Angeweza kuiacha. Angerudi Mlalo na binti anayecheka, wakala ugali, wakalala.

"Latifa, mwanangu," alisema. "Kile kipande cha mafindofindo kimetoa rangi gani?"

Katibu alisema hayo ni mambo ya ndani ya maabara. Latifa alikuwa mlangoni, amevaa glavu bado. Alizivua taratibu, moja moja, mpaka mpiga picha akashusha kamera mwenyewe.

"Bluu, baba," alisema. "Chote bluu. Hakina hata doa moja."

Katibu hakufoka. Alieleza kwa upole, kama anayesoma tangazo, kwamba jibu likishaandikwa ni jibu, kwamba kichupa kingine kitaombwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, na asiyeridhika ana sanduku la maoni pale mapokezi. Zabron alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi nipeni nyama ya mwanangu," alisema.

Katibu akasema kuna taratibu, kuna fomu, na fomu zimeisha. Lakini Latifa alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na kijisanduku cha plastiki chenye kipande cha nta, na ndani ya nta nyama nyeupe isiyozidi punje ya hindi. Aliandika kwenye daftari kwamba kimetolewa kwa mzazi, akaandika na jina lake lote, herufi kubwa, huku katibu anamtazama. Kwenye kipande cha karatasi akaandika kilichotokea: kipimo kimeshindwa, kirudiwe. Alimwambia Zabron nta hiyo haina haja ya friji, ila jua isilione.

Nje, kwenye ngazi, Raheli alikaa chini. Karatasi ya sifuri alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Baba, wameandika sifuri. Mbona unanitafutia ugonjwa?"

Akamweleza. Taa, kioo, jua, mafindofindo. Raheli alitikisa kichwa tangu mwanzo mpaka mwisho, kama anafukuza nzi. Ndipo Zabron akasema lile lililobaki.

"Nilikuwa naiona dawa inaungua, mwanangu. Nikaenda kukaa."

Zabron alikwenda kwenye tenga lake, ambalo halikuuzwa hata mche, kwa sababu mchana kutwa Mwanahawa alikuwa anagombania kabati. Saladi ilikuwa bado mbichi, majani yamesimama. Alichukua jani moja la mgomba, akalifuta likakauka, akaifunga nta humo, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Getini Mwanahawa alikuwa ameshapanga maandazi yake ya jioni. Kipande cha utepe kilikuwa bado kimenasa kwenye mlango wa kioo. Mwanahawa aliwasha taa, akangoja kitambo, akaizima.

Gari la Mlalo lilikuwa linapiga honi, linajaza. La kushuka Mombo, njia ya kwenda hospitali kubwa, lilikuwa upande wa pili wa barabara. Zabron alisimama katikati, mkono juu ya koti, haangalii nyuma, anaogopa kusikia mlango wa lile la Mlalo ukifungwa.

Alisikia ndala za Raheli kwenye kokoto. Zilikuwa zinakuja taratibu, zinasimama, zinakuja. Karatasi alikuwa hajaitupa. Alikuwa ameikunja ndogo, ameifunga kwenye pindo la kanga.

"Huko wanafungua saa ngapi?" aliuliza.

Zabron hakujua. Alimwambia saa mbili.