Foleni Yapanda Mlimani

Kwetu anayekaa kwenye foleni ya maji ni dumu. Mwenye dumu ana kazi zake. Ukifika bombani asubuhi unaliweka nyuma ya la mwisho, unakwenda kibaruani, na ukirudi utalikuta limesogea, maana kila anayechota husogeza mbele madumu ya wenzake kabla ya kuondoka. Mlinzi hakuna. Lakini ole wako uliruke dumu la mwenzio: utasemwa mpaka na watoto ambao hawajazaliwa. Mimi ni fundi cherehani, mlango wangu unatazamana na bomba hilo, ndiyo maana wakanibandika jina la Mama Foleni. Cheo sikukiomba, ila sijakikataa.

Mwaka huo mvua ilitupa mgongo tena. Chemchemi ya mlimani ilizidi kunywea, na bomba likawa linatoa maji membamba kama uzi wa kushonea. Tukavumilia. Ubaya ulianza siku aliyokuja mdogo wangu.

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye afisa mazingira wa halmashauri. Nilimlea mimi baada ya mama kufariki, na sare zake zote za shule nilizishona kwa mkono wangu. Hata leo, na tai yake shingoni, akiwa na la kunificha hukaa kwenye kiti cha wateja akichezea vifungo kwenye kopo langu. Siku hiyo alivichezea sana.

Nikamwambia aliteme. Akalitema. Wafadhili wa mambo ya tabianchi walikuwa wamekubali kuotesha msitu wa mfano mlimani, juu ya chemchemi, na mgeni rasmi, waziri mzima, angekuja kuuzindua. Miche ile ilihitaji maji mpaka ishike. Kwa hiyo kesho yake baada ya uzinduzi, bomba letu lingekatwa na maji kuelekezwa mlimani. Sisi tungeletewa gari la maji, likipatikana. Halafu, kana kwamba hilo halitoshi, akaniomba niwaambie wenzangu waondoe madumu barabarani siku ya uzinduzi, kwa sababu mgeni atapita na picha zitapigwa.

"Dada, bila miti hiyo chemchemi itakufa kabisa," alisema. "Sidanganyi."

"Najua hudanganyi. Na mpaka miti ikue, sisi tunywe nini? Kivuli?"

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi nusu. Mlima ule tuliunyoa wenyewe kwa kuni na mkaa, na mimi nimepikia mkaa huo. Miti niliitaka. Ila sikukubali iandikiwe maji yetu na watu wenye mifereji jikoni, tena bila hata mmoja wao kuja kutuuliza. Nilimwambia wazi kwamba nimekasirika, na kwamba hasira yangu haina undugu. Akaondoka bila kuaga vizuri.

Jioni nikawakusanya wenzangu bombani. Wengine walitaka kufunga barabara kwa mawe, wengine walitaka kulia tu, na kulia nako ni haki ya mtu. Mimi nikasema tumeambiwa foleni itoke barabarani, basi itatoka. Itapanda mlimani.

Asubuhi ya uzinduzi kila mtu alibeba dumu lake, na tukapanda vilevile foleni ilivyokaa, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma. Muuza mkaa aliyekuwa mgonjwa alibebewa lake na jirani, na nafasi yake haikuguswa. Tukayapanga madumu kuanzia jukwaani mpaka chini ya mteremko, tukasimama pembeni na kanga zetu safi, kimya. Mdogo wangu aliponiona alishika tai yake kana kwamba imembana. Askari mmoja akamsogelea, akamuuliza kitu. Mdogo wangu akatikisa kichwa, na askari akarudi alikotoka.

Mshereheshaji hakuwa na habari. Alipoyaona madumu akachangamka, akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba wananchi, kwa moyo wao wa uzalendo, wamejitolea kuleta maji ya kumwagilia miche. Wageni wakapiga makofi. Waziri akapanda mti wake, akapapasa udongo, akakunja mikono ya shati, akaliendea dumu la kwanza. Alijikaza kulinyanyua kama mtu anayenyanyua dumu lililojaa. Likaruka juu likiwa tupu, naye akarudi nyuma hatua mbili akashikwa na walinzi.

Hakuna aliyecheka, na nawashukuru wenzangu kwa hilo maana mimi nilijiuma midomo. Waziri akauliza ni nani aliyeleta madumu matupu kwenye sherehe ya serikali.

Mdogo wangu angeweza kusema hajui. Akasimama. "Ni dada yangu, mheshimiwa. Na kesho mpango wangu unayakausha kabisa."

Wakaniita mbele. Nikamwambia waziri kwamba miti tunaitaka kuliko yeye, na kwamba tutaimwagilia sisi kwa zamu, kwa maji tuliyokwisha suuzia nguo na vyombo. Ila bomba libaki. Akasema suala hilo litaangaliwa. Kisha, akiitazama saa, akauliza kwa upole maji ya mti wake yatapatikana wapi sasa hivi.

"Bombani, mheshimiwa. Foleni inaishia pale chini, kwenye dumu la njano."

Nilidhani nitakamatwa. Badala yake mdogo wangu aliichukua keni mpya ya kumwagilia, iliyoandikwa cheo cha waziri kwa rangi nyeupe, akateremka nayo mbele ya kamera zote, akaiweka nyuma ya dumu la njano.

Kesho yake, tulipokuwa tumesharudisha foleni barabarani, mafundi walikuja na misumeno. Mdogo wangu alikuwa amewatangulia, hana tai, amesimama kando ya keni. Aliwaeleza, kwa ule uso wake wa ofisini, kwamba hana mamlaka ya kukata bomba ambalo mheshimiwa waziri yuko kwenye foleni yake. Wenye wasiwasi wapige simu wizarani. Wakatazamana, wakapakia misumeno yao.

Halmashauri inakaa tena kuujadili mpango, na safari hii tumeitwa. Mpaka wamalize, kila dumu jipya linalokuja tunaliweka mbele ya keni, ili zamu ya waziri isifike. Ni mara ya kwanza katika mtaa huu kuruhusu mtu arukwe, na mti wake tunaumwagilia kila jioni.