Mpakato Usiopakatika

Natalia Damasi alikuwa mhariri wa video za harusi, na kwa miaka mingi alifanya kazi yake katika chumba cha mbele cha nyumba yao Bagara, mjini Babati, kwenye kompyuta ya mezani ambayo haikumsumbua hata siku moja. Kasoro yake ilikuwa kwamba haitoki nyumbani. Siku hizi maharusi wanataka kuona sherehe yao siku hiyohiyo, ukumbini, kabla keki haijakatwa, na yule anayeleta video baada ya wiki mbili anaonekana amepitwa na wakati. Natalia alikwishapoteza harusi kadhaa kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana alipompata mtu Arusha anayeuza kompyuta mpakato yenye nguvu kuliko ile yake ya mezani, hakusitasita. Aliiuza ile ya mezani, akaongezea akiba yake, akarudi Babati na boksi alilokuwa amelikumbatia kwenye basi njia nzima.

Mumewe, Adrian, ambaye anafundisha jiografia sekondari, ndiye aliyelifungua. Aliinyanyua mashine, akaishusha, akainyanyua tena.

"Hii wanaiita mpakato?"

"Ndiyo."

"Ya kumpakatia nani, Mama Katarina? Ukiiweka mapajani hii, utanyanyuka unachechemea."

Natalia alicheka. Aliiwasha, akafungua kazi iliyokuwa ikiilemea ile kompyuta ya zamani, na mashine ikaimaliza wakati chai bado ina moto. Basi akaona amefanya la maana.

Mengine aliyajua kidogokidogo, na kila alipolijua moja hakumwambia mtu. Chaja yake ilikuwa kubwa kama tofali, na ikifanya kazi inapata moto wa kuunguza mkono. Begi la kuitosha halikupatikana Babati nzima, ikabidi fundi viatu amshonee la turubai. Akipanda bodaboda nalo mgongoni, dereva alilazimika kuinama mbele ili pikipiki isinyanyue tairi, na jioni bega la Natalia lilikuwa limekakamaa. Bila umeme, ikiwa inahariri, betri haikufika hata saa moja. Na feni zake zilivuma. Kwenye harusi moja ya Nakwa aliifungua kwenye benchi la nyuma kanisani ili aanze kuhariri mapema, na padri akakatisha mahubiri kuuliza jenereta hiyo ni ya nani.

"Tuiache nyumbani," alisema Jovin, mpiga picha wake, walipokuwa wakitoka.

"Nimeinunua nitembee nayo," Natalia alijibu. "Nikiiacha nyumbani nitakuwa nimenunua nini?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa alipokuja Nosim.

Nosim alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nangara. Kwao ni Simanjiro. Alikuwa anaolewa na Teodori, kijana wa Kiiraqw aliyekuwa akifundisha naye, na harusi ingefungwa Jumamosi hapo mjini. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee Sankok alikuwa ameangushwa na dume la ng'ombe zizini, akavunjika nyonga, na daktari alisema asithubutu kupanda gari kwa barabara ile.

"Jumatatu tunakwenda kumsalimia na mume wangu," Nosim alisema. "Nataka akutane na harusi yangu. Si picha za kwenye simu, macho yake hayaoni vitu vidogo. Nataka aione kama sinema. Dada Natalia, utaweza? Nasikia mashine yako inafanya kazi popote."

"Inafanya popote," Natalia alisema. Na wakati anasema, aliamini.

Harusi ilikwenda vizuri. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kuhariri, lakini umeme ulikatika asubuhi watu wakiwa ibadani, na hadi wanaondoka Jumatatu alfajiri ulikuwa haujarudi. Betri ilimpa Natalia muda wa kunakili picha na kupanga sehemu ya kanisani tu. Ukumbi wote ulibaki. Hakutishika sana. Yeye na Jovin walikuwa wanasafiri na maharusi kwenda Simanjiro, akajiambia ataimalizia njiani.

Njiani haikuwezekana. Gari walilokodi lilikuwa na kifaa cha kutolea umeme, lakini alipochomeka ile chaja kilipiga mlio mmoja kikazima. Alijaribu kutumia kidogo kilichobaki kwenye betri, mashine ikiwa mapajani, gari likiruka kwenye makorongo. Joto lilipenya kitenge hadi akashindwa kuvumilia, akaweka sweta la Jovin katikati. Mashine ikakosa hewa, ikapata moto zaidi, ikajizima yenyewe.

"Ya kupakata," alisema Jovin, akilinusa sweta lake.

Natalia aliifunga mashine, akairudisha kwenye begi.

Walifika alasiri. Mzee Sankok alikuwa amewekewa kitanda nje ya nyumba, kivulini, amefunikwa shuka jipya jekundu. Walimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja bila haraka, kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu kabla ya kumpa mkono.

"Sasa," alimwambia Natalia kwa Kiswahili chake cha polepole, "wewe ndiye umeleta harusi?"

"Ndiyo, baba. Nipe muda kidogo, naiandaa."

"Andaa. Mimi siendi mahali."

Hapo nyumbani kulikuwa na sola ya taa mbili na ya kuchaji simu. Nosim alisema sola kubwa yenye umeme wa kutosha iko zahanati, mwendo mfupi tu kutoka pale. Natalia akaenda. Muuguzi aliyekuwa zamu, Kiseyian, alikuwa mama wa makamo mwenye maneno machache. Natalia alimweleza shida yake, akaomba kuchaji laptopu.

"Chomeka tu," Kiseyian alisema. "Walimu wote wanachajia laptopu zao hapa. Hazili kitu."

Natalia alichomeka. Aliona haya kuuliza zaidi, na mwenzake hakuwa na sababu ya kuuliza, kwa kuwa jina ni lile lile, laptopu. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akahariri kwa kasi kuliko alivyowahi kuhariri. Alibandika ukumbi, zawadi, ngoma, hotuba. Siku nzima kulikuwa na mawingu lakini hakuwaza habari ya mawingu. Alipomaliza alibonyeza ili mashine ianze kuitengeneza video nzima, kazi inayodai nguvu zote. Feni zikapanda sauti.

Kisha mlio mrefu ukasikika kutoka chumba cha ndani, na taa zikazimika; mashine nayo ikazima kabla video haijakamilika, kwa kuwa betri yake ilikuwa haijaingia kitu.

Kiseyian alitoka akiwa amesimamisha kazi aliyokuwa akiifanya. "Umechomeka nini?"

"Laptopu, kama nilivyosema."

"Laptopu gani?" Akasogea, akaitazama, akainama akagusa ile chaja, akautoa mkono upesi. "Mama, hiki si cha kuchaji hapa. Hii ni sawa na mtu kaleta pasi." Halafu akatega sikio, na Natalia naye akatega. Kulikuwa na sauti ndogo ya mngurumo iliyokuwepo tangu alipoingia, ambayo hakuwa ameitambua kama sauti. Sasa haikuwepo.

"Friji la chanjo," Kiseyian alisema.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga, Natalia angejua la kujibu. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki, na akina mama wengine walikuwa tayari wameanza safari kutoka maboma ya mbali, watoto mgongoni. Kiseyian alichomoa chaja, akajaribu kuwasha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola. Ikawaka kidogo ikazima. Akampigia fundi. Fundi akasema mitambo imejikinga, betri zimeshuka sana kwa sababu ya mawingu, zisiguswe mpaka zipumzike, na kitu kingine chochote kisichomekwe.

"Shika hapa," Kiseyian alimwambia Natalia.

Wakatoa boksi la ubaridi lililotumika kupeleka chanjo vijijini. Natalia alishika vipande vya barafu kimoja baada ya kingine hadi vidole vikafa ganzi, Kiseyian akavipanga pembeni, akaweka vichupa katikati, akaingiza kipimajoto, akafunga. Walipomaliza, Kiseyian alikaa kwenye kiti chake akafuta mikono kwa gauni.

"Boksi hili linashika hadi kesho," alisema. "Sola ikirudi hata asubuhi, hatujaharibikiwa."

"Na isiporudi?"

"Isiporudi, kina mama watarudi nyumbani bila chanjo. Nenda, dada. Wanakusubiri huko."

Natalia alilibeba begi lake la turubai. Halikuwahi kuwa zito namna ile, na siku hiyo uzito ndio ulikuwa shida ndogo kuliko zote.

Alimwita Nosim pembeni ya zizi akamweleza yote, la friji na la video, bila kupunguza. Nosim alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ulisema inafanya popote."

"Nilisema."

"Baba ameanza kuuliza tangu tumefika. Amewaita na majirani." Akageuka akatazama kule kitandani, ambako wazee watatu walikuwa wamekwishakaa kwenye vigoda vyao. "Nikamwambie nini mimi?"

Jovin, aliyekuwa amesimama karibu, alikohoa. "Kamera ina chaji. Na kila kitu kimo bado kwenye kadi."

"Ni picha ghafi," Natalia alisema. "Hazijakatwa. Kuna vipande watu wamesimama tu, kuna sehemu hata wewe unapiga chafya. Na kioo chenyewe kidogo."

"Tutamshikia karibu."

Hakukuwa na lingine. Jovin alipiga magoti kando ya kitanda, akakifungua kioo cha pembeni cha kamera, akakisogeza hadi usoni kwa mzee. Mzee Sankok aliisukuma mikono yake, akaichukua kamera mwenyewe, akaisogeza mbali kidogo, kisha karibu, mpaka akapata mahali panapomfaa.

Natalia alikaa nyuma ya vigoda akisubiri mzee achoke. Video aliyokuwa akiikata ilikuwa fupi, yenye muziki, kila kipande sekunde chache. Hii ilikwenda ilivyokwenda. Watu walishuka kwenye magari, wakapangana foleni ya chakula, wakatafuta viti, wakahama viti.

"Simamisha," mzee alisema. "Huyu ni Tingisha?"

"Ndiye, baba," Nosim alijibu.

"Amenenepa!" Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kimaasai, kamera ikapita mkono kwa mkono, wote wakathibitisha kwamba Tingisha amenenepa. "Endelea."

Kwenye foleni ya chakula alimwona shangazi aliyedhani bado ni mgonjwa. Aliona nani amekaa na nani. Aliona ndugu wawili waliokosana tangu ukame ule mkubwa wakipeana chumvi, akataka kipande hicho kirudishwe, kikarudishwa, akakitazama tena mpaka mwisho. Betri ya kamera ilipoisha, Jovin aliweka nyingine, na ile ya kwanza ikachajiwa kwenye sola ya taa mbili, na taa hazikupepesa hata kidogo.

Kisha ikaja sehemu ambayo Nosim ametoka kanisani na gari la maharusi halijafika. Teodori alikuwa amekwenda kuliulizia. Kamera ilibaki kwa Nosim, kwa kuwa Jovin hakuwa na kingine cha kupiga. Nosim amesimama peke yake na gauni lake jeupe na shanga za mama yake shingoni, anatazama barabarani. Haongei na mtu. Anarekebisha shanga, anatazama tena. Natalia aliikumbuka; Jumapili ndiyo aliyoikata kwanza.

Mzee Sankok aliitazama mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Safari hii alimuuliza bintiye jambo kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini, na Nosim akajibu kwa maneno machache, akainamisha kichwa chake kwenye shuka jekundu la baba yake. Mzee akaendelea kushika kamera kwa mkono mmoja. Wa pili aliuweka kisogoni kwa Nosim. Natalia hakuelewa kilichosemwa, na hakumuuliza mtu amtafsirie.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, alipita zahanati. Jua lilikuwa limetoka kali, taa ya kijani ya inveta ilikuwa inawaka, na uani akina mama walikuwa wamekaa na watoto. Kiseyian alifungua boksi, akampa kichupa kimoja akitazame. Alimwonyesha alama ndogo kwenye karatasi yake, akamweleza kwamba joto likiingia alama hiyo hubadilika rangi.

"Haijabadilika," Natalia alisema.

"Haijabadilika. Sasa nipishe, nina kazi."

Alipofika Bagara aliiweka mashine mezani, mahali palepale ilipokuwa kompyuta ya zamani, akaichomeka ukutani, akaiwekea kibao chini ipate hewa.

"Haitoki tena?" Adrian aliuliza.

"Hapo ndipo pake. Ni kompyuta ya mezani, ila imefichwa kwenye umbo jingine. Ningejua ningebaki na ile."

Adrian alikuwa na la kusema, likaonekana usoni. Akalimeza, akamletea laptopu yake ya shuleni, kuukuu, nyepesi, iliyokosa herufi mbili kwenye vibonyezo. Natalia alianza kwenda nayo kwenye harusi. Ilikuwa inajikongoja, na video za ukumbini zikawa fupi na za kawaida, lakini aliwaambia wateja hivyo mapema, na wengi walikubali. Wachache walikwenda kwa wengine.

Video ya Nosim aliimalizia kwa utulivu, kwenye ile mashine kubwa, ikatoka safi, na muziki wake. Akaituma. Siku chache baadaye Nosim akapiga simu.

"Baba ameiona, kwenye televisheni ya mwalimu mkuu. Anakushukuru sana. Anasema ni nzuri, inang'aa."

"Namshukuru."

"Ila anauliza," Nosim alisema, na ilisikika kwamba anazuia kicheko, "wale watu wengine umewapeleka wapi?"

Natalia alichomeka diski kwenye mashine na kuanza kunakili kila kitu kilichokuwa kwenye kadi, pamoja na chafya ya Jovin.