Wendell Anaulizia Tarehe

Gari la zimamoto la kijiji cha Pigeon Fork lilitolewa nje ya banda lake tangu alfajiri ili meza za kupigia kura zipate nafasi. Opal Ratliff, msimamizi wa kituo, alikuwa akipanga kalamu, na mwenzake Jewel Fugate akifunua sufuria la maharage, maana katika mabonde yale ya Kentaki hakuna uchaguzi bila maharage na mkate wa mahindi. Opal alikuwa wa chama kimoja, Jewel wa kingine, kama sheria inavyotaka, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Walikuwa wamechungana miaka mingi na hawajawahi kukamatana kwa lolote zaidi ya chumvi kuzidi.

Milango ilipofunguliwa, wa tatu kwenye foleni alikuwa Wendell, mwana wa Opal, aliyefia katika jela ya kaunti majira ya baridi yaliyopita. Alivaa nguo za jela za rangi ya chungwa. Chini ya ndala zake sakafu iliganda barafu.

"Umekonda, Wendell," Jewel akasema.

"Chakula cha kule, Bi Jewel."

"Jina lako tulishalifuta."

"Najua. Sikuja kupiga kura. Naulizia tarehe ya kesi yangu."

Alikamatwa kwa msumeno wa injini aliodaiwa kuiba. Jaji Thurman Bledsoe alimwekea dhamana ambayo Opal asingeifikia hata angeuza nyumba pamoja na kuku, kisha akaahirisha kesi, akaiahirisha tena, mpaka hita ya jela ikaharibika na Wendell akashikwa na nimonia. Hakuhukumiwa wala hakuachiwa. Alizikwa akiwa mtuhumiwa.

Opal alimvutia mwanawe kiti karibu na meza. Majaji wa kule huchaguliwa kwa kura, na siku hiyo Bledsoe alikuwa akigombea tena kiti chake dhidi ya wakili kijana aitwaye Roberta Hensley; Opal alikuwa ameapa kwenye kaburi la mwanawe kwamba lazima Bledsoe aanguke. Tatizo ni kwamba majaji hawana chama. Majina yao hukaa nyuma ya karatasi ya kura, bila nembo ya chama, na watu wa Pigeon Fork wakikosa nembo huchagua jina walilozoea kuliona kwenye vibao vya barabarani. Vibao vya Bledsoe vilijaa kila kona. Lakini sasa watu walikuwa wakimsalimu Wendell kwanza, wakivuta makoti yao vizuri, halafu wakigeuza karatasi na kufikiri.

"Opal," Jewel akasema, "hiyo ni kampeni."

"Hajamtaja mtu."

"Nguo zinamtaja. Wewe ungemwacha mtu akae hapa na fulana yenye jina la Bledsoe?"

Asingemwacha. Opal alikuwa mtu wa kufuata sheria, na siku hiyo alijichukia kwa hilo. Akamshika mwanawe mkono, baridi ikampanda mpaka begani, akamtoa nje ya mstari mweupe ambao ndani yake hakuna ruhusa ya kuomba kura.

Nje ya mstari alisimama Jaji Bledsoe mwenyewe na sahani ya biskuti, akiwapa watu mkono. Akampa na Wendell, kisha akajifuta barafu kwa leso.

"Mheshimiwa, naomba tarehe," Wendell akasema.

"Faili lako liko mezani kwangu, kijana. Karibu juu kabisa. Nikirudi kitini, Januari nakusikiliza."

"Na usiporudi?" Opal akauliza.

"Hapo siwezi kumsemea mwenzangu, Bi Opal. Jaji mgeni huanza na walio hai." Akamsogezea sahani. "Karibu biskuti."

Opal hakuchukua. Wendell alikuwa akimtazama kama alivyokuwa akimtazama utotoni alipotaka kubebwa.

"Mama, nimechoka kusubiri. Nataka tu mtu aseme sikuiba."

Mchana Jewel alishika meza ili Opal apige kura yake. Akageuza karatasi. Jina la Roberta Hensley lilikuwa la kwanza, na Opal akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akajaza wino mbele ya jina la Bledsoe, akalia bila sauti. Jewel akajishughulisha na maharage.

Bledsoe alishinda.

Januari Opal alipiga pasi zile nguo za chungwa, na Wendell akafika mahakamani kabla ya karani. Jina lake likaitwa, akasimama. Jaji akamwangalia juu ya miwani, akasema upande wa mashtaka hauko tayari. Mwezi uliofuata shahidi alikuwa mgonjwa. Baadaye karani akaacha kuliita jina lenyewe, na Wendell akapewa benchi la nyuma, karibu na dirisha, ili barafu yake isitelezeshe watu. Mfagiaji hupiga deki pale mwisho. Opal hupeleka blanketi, ingawa halisaidii.

Muhula ulipokwisha, Bledsoe aligombea tena, na safari hii hakuna aliyejitokeza kumpinga. Asubuhi ya uchaguzi Opal alipiga magoti nje ya kituo na kopo la rangi, maana mstari ulikuwa umefifia. Wendell alikuwa ameshafika. Aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, ili mama yake apitishe brashi.

"Amekwambia nini mara hii?" Opal akauliza.

"Kasema faili sasa liko juu kabisa."

Opal akachovya brashi, akaendelea kupaka.