Usiku wa Ijumaa

Chubwi, chubwi. Kibwana alikuwa bado ukumbini, lakini kwa sauti hiyo alijua kuwa jirani yao, Bi Jokha, anatikisa kibuyu cha mafuta ya taa jikoni.

“Hakikufikishi mbali hiki,” Bi Jokha alisema. “Nikuazime kibaba, mwanangu?”

“Shikamoo, Bi Jokha. Nimeshapima.”

“Marahaba. Umepima kwa kibaba au kwa ulimi?”

Kweli alikuwa amepima. Vibaba vinne. Taa ya ukumbini hunywa nusu kibaba kwa usiku, ya jikoni robo, ya chumbani kwa mama yake robo. Mwaka ule aliofariki Sayyid Barghash, kibaba Bagamoyo kilifika pesa sita, na Kibwana hakuwa na hata moja. Kwa hesabu ya kwao, jioni ile ya Jumatatu ndiyo iliyoingiza Jumanne. Dada yake Dija, aliyeolewa Vigwaza, alituma neno kuwa atafika usiku wa Ijumaa. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nyusiku nne, vibaba vinne.

Ugonjwa ulikuwa umemla Bi Tabia, mama yake, akabaki macho tu.

“Nisife gizani,” alisema. “Nimwone Dija uso. Zima ya ukumbini, baba, nibaki na yangu.”

“Ukumbi wa marehemu baba haujalala giza hata siku moja, mama.”

Alhamisi jua lilipotua, usiku wa Ijumaa ukaingia. Kibwana aliwasha zote tatu, akamimina kibaba cha mwisho. Dija hakuja. Alfajiri tambi zilikuwa zimekauka.

Ijumaa alishinda barazani, kibuyu kitupu miguuni, mlango wa Bi Jokha hatua kumi tu. Hakwenda. Magharibi ilipoingia, mama yake aliita, “Kibwana, mbona huwashi?” Ndipo alipokimbia. Aliporudi na kibaba cha kuazima akawasha utambi, macho ya Bi Tabia yalikuwa yameukazia mlango, wala hayakupepesa.

Dija alifika kabla ya Isha, vumbi la njia magotini.

“Nilisema usiku wa Ijumaa,” alinong'ona.

“Ulikuwa jana.”

“Jana ilikuwa Alhamisi, kaka.”

Kwa kina mumewe usiku hufuata mchana wake. Miaka sita ameishi nao, na Kibwana hakuwaza kumuuliza mjumbe.

Dija aliinuka akawashe taa ya ukumbini. Kibwana alimshika mkono.

“Iache ile. Hii ya mama itawaka siku arobaini. Mafuta yakipungua nitaomba, Dija. Nitabisha kila mlango wa mtaa huu, nianze kwa Bi Jokha.”