Shati la Buluu Lisilo na Uso

Jana ulipita ng'ambo ya barabara, fundi redio. Usibishe, nilikuwa juu ya ngazi nakuona. Ulijifanya unasoma simu, na simu yenyewe uliishika kichwa chini.

Basi nikukumbushe, maana mimi shule sikufika mbali lakini kusahau sijui.

Wiki tatu zilizopita ofisi ya mipango miji ilizungushia mtaa wetu wa mafundi ukuta wa mabati. Ikasema wakazi tuchore juu yake mtaa tunavyouona miaka ishirini ijayo, na kamati itautazama mchoro kabla ya kuamua mabanda yabaki au yabomolewe. Mimi nilicheka. Bwana wa ofisi ni yuleyule tunayemwita Bwana Ramani, aliyetuonyesha picha ya zahanati yenye maua mlangoni, miaka kumi na moja nyuma. Leo pale ilipotakiwa kujengwa wanaegesha magari yao.

Dada yangu hakucheka. Yeye ni mchora mabango; nusu ya milango ya mtaa huu ina mkono wake, na wako umo. Alipita banda kwa banda na swali moja: miaka ishirini ijayo, unajiona wapi?

"Hapahapa," alisema fundi cherehani. "Ila univalishe miwani."

"Mimi nichore na nywele," alisema kinyozi.

"Mbona hata leo huna?"

"Ndiyo maana tunachora siku zijazo, dada."

Na wewe fundi redio ulitaka shati la buluu, mlango wazi, mjukuu wako kwenye kaunta akiwafokea wateja kama unavyowafokea. Ulisema mpaka chai yako ikapoa. Nilikuwepo.

Akachora watu kumi na mmoja, nguo mpaka vidole. Nyuso akaacha. Zamani aliwahi kuchora bango la kinyozi kwa kubuni vichwa, na wateja wakamcheka mwaka mzima. Tangu hapo uso huja mwisho, na mwenye uso lazima asimame mbele yake. Wote mkaahidi Jumatatu.

Jumapili Bwana Ramani akapita akinong'ona kwamba atakayeonekana ukutani ni mkaidi, leseni yake itachelewa. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Jumatano fundi cherehani alisimama dakika arobaini, sindano na uzi bado kifuani. Basi, ndiye huyo peke yake.

Leo asubuhi Bwana Ramani amerudi na picha yake ya kompyuta: majengo ya vioo, miti iliyopangwa mstari, watu wembamba wasiobeba kitu.

"Hawa ni kina nani?" dada akauliza.

"Wakazi wa baadaye."

"Umewauliza?"

"Wa kwako je? Naona nguo kumi na moja na uso mmoja." Akatazama saa yake. "Kamati inafika saa kumi. Nitawaambia mtaa una mkazi mmoja, naye tutamtafutia pa kwenda."

Alipoondoka nikamwambia dada azichore tu hizo nyuso, anazijua zote.

"Halafu kamati imuulize kinyozi, huyu ni wewe? Atajibu nini? Kama anaogopa kusimama mbele yangu, mbele yao atasimama?"

Nikamtukana. Dada yangu mkubwa, aliyenilea. Aliendelea kukoroga kopo la rangi ya ngozi yako, anaongeza kahawia kidogo, anatazama, anaongeza tena.

Sasa ni saa nane na nusu. Karatasi hii naipenyeza chini ya mlango wako kwa sababu kila nikibisha unazima redio, kana kwamba mtu mwenye redio thelathini anaweza kujificha kwa kimya. Kule ukutani mjukuu wako amekaa kwenye kaunta, na pembeni yake limesimama shati la buluu lisilo na uso. Ukilala leo, huo ndio urithi wake, na hata huo wataung'oa na mabati.

Funga duka. Mpitie kinyozi, akikataa mburute na aproni yake. Vukeni barabara, msimame mbele ya dada yangu, mtazame mbele. Rangi koponi imeanza kufanya utando. Inuka sasa hivi.