Pare Jun Si Mgeni

Mume wangu Rodel anatengeneza rada za manowari hapa Norfolk, Marekani, na mtu wa kazi hiyo, ili abaki na kibali cha usalama, kila baada ya miaka kadhaa huulizwa na serikali: una watu gani wa karibu walio raia wa nchi nyingine? Safari hii alitaja shangazi zake wote wa Cebu, wakiwemo wawili asiowapenda. Akamwacha Jun.

Jun ni ofisa wa walinzi wa pwani kule kwetu Ufilipino. Rodel ni baba wa ubatizo wa binti yake, na kwetu ukishasimama kanisani na mtoto wa mtu, wewe na mtu huyo ni ndugu mpaka kaburini. Mnaitana pare. Kila Jumapili wanapigiana simu na kubishana juu ya majogoo wa kupigana, kelele tupu. Wachunguzi wakaiona picha ya ubatizo mtandaoni, Jun kavaa gwanda na nishani zote. Jumatatu Rodel akanyang'anywa kadi ya getini.

"Kwa nini ulimficha?" nikamuuliza.

"Nimfiche Jun? Luz, wameuliza wageni. Jun ni mgeni?"

Hata mimi nisingemtaja.

Bi Whitlow, msimamizi wa usalama pale kazini, hakumfokea. "Kuwa na rafiki askari si kosa, Rodel. Kumnyamazia ndiko kunakotutia wasiwasi. Niandikie yote kabla ya Ijumaa, la sivyo kibali chako kinakwenda na maji."

Kibali kikienda, kazi imekwenda. Basi ungedhani atakimbilia kalamu. Wapi! Kwetu kumtaja pare wako serikalini bila kumwambia ni kumuuza, na kumwambia aliona haya. Akafyeka majani, akapaka uzio rangi. Alhamisi nilichoka, nikampigia Jun simu mwenyewe, nikafungua spika na kumwekea Rodel mkononi.

"Pare," Rodel akaanza, "kazini wanataka nikuandike."

"Kama nani?"

"Kama... mtu wa nchi ya kigeni."

Jun akaangua kicheko mpaka simu ikakoroma.

"Miaka yote hii ulikuwa hujaniandika? Bwege wewe! Unataka ukalale njaa? Mimi nilishakuandika zamani, wiki ile ile uliyoapa uraia wa huko. Unadhani na sisi huku hatuulizwi?"

"Uliniandika nini?"

"Mmarekani, fundi wa meli za jeshi. Ulitaka nikuandike nani, mwenyeji? Wewe unayekuja huku na maji ya chupa na dawa ya mbu mifuko miwili?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Rodel naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Asubuhi aliandika kila kitu, hata ugomvi wa majogoo. Bi Whitlow alisoma, akamuuliza, "Siku Jun akikuomba siri, utafanya nini?"

"Hataniomba. Akiniomba, nitakuja kukwambia wewe kwanza, halafu nitakwenda kulia."

Baada ya wiki chache kadi ilirudi. Wachunguzi walisema kosa amelisahihisha bila kuficha kitu, na maisha yake yote yako hapa. Nilifurahi nikapika tambi za pancit za kulisha mtaa mzima, na mtaa mzima ukaja. Mwenye sherehe nikamkuta kakaa ngazi za nyuma, sahani haijaguswa.

"Kadi umerudishiwa, unanuna nini sasa? Njoo ule, watu wanakuuliza."

"Sinuni."

"Rodel."

Akageuzageuza uma kwenye tambi.

"Jun aliniandika wiki ile ile, Luz," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijajiona Mmarekani."